Diski ya Pulsar nyuma ya Boxer: soma hii kabla hujamaliza kulipa

"Fundi habari ya kazi. Mimi ni mtu wa boda, niko na Boxer BM 150, nabeba Kangemi kuingia Westlands na saa zingine Uthiru. Breki ya nyuma imenichosha. Kila wiki nakaza ile nati lakini nikishuka na kastoma na mzigo pedali inaenda chini ni kama nakanyaga sponji, na mvua ikinyesha ndio kabisa hakuna kitu. Kuna jamaa ako na gurudumu la nyuma la Pulsar 220 iliyoanguka, liko na diski na kalipa yake, anataka 8,000 nimempa 2,000 ya kushikilia, zingine anataka Jumamosi. Fundi wa hapa steji anasema atachomelea kishikio cha kalipa kwa swingamu alafu tutafute masta silinda yoyote huko Grogan kwa wauza spea. Nimeambiwa diski inashika mara mbili ya dramu. Breki ya mbele mimi huwa siigusi sana juu inaweza kukurusha. Niendelee ama nimetupa pesa?"

Ndugu yangu, asante kwa kuandika kila kitu, ata vile vitu ungeweza kuona aibu kusema kama hiyo ya breki ya mbele. Nikikuelewa vizuri, unashuka na binadamu nyuma yako, unakanyaga, na pikipiki haisimami pale ulitaka isimame. Hiyo ni hofu ya haki na usiache mtu akuambie umezoea vibaya. Sasa nikujibu moja kwa moja alafu nieleze: usikubali kuchomelewa kishikio cha kalipa (kile kibano cha diski) kwa swingamu (ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma), usitumie masta silinda "yoyote" (ile pampu ndogo ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali), na usimalize kulipa hiyo pesa kabla hujafungua dramu uliyo nayo (ile breki ya viatu vya ndani), kwa sababu vile umeeleza, mi naona dramu yako ni mgonjwa na haijawahi kutibiwa, imekazwa tu.

Tuanze na hii ya diski kushika mara mbili. Breki haisimamishi pikipiki. Breki inasimamisha gurudumu, alafu tairi ndio inasimamisha pikipiki kwa kung'ang'ania barabara. Jaribu hivi, ukiwa peke yako kwa uwanja mtupu, lami kavu, spidi ndogo kama 20, kanyaga breki ya nyuma peke yake kwa nguvu. Kama gurudumu linagoma na tairi inaburuta, basi dramu yako tayari iko na nguvu kushinda tairi, na ata ukiweka diski ya milioni hakuna kitu itaongeza hapo, itagomesha tu mapema zaidi. Dramu nzuri ya nyuma inagomesha tairi bila shida. Ata niongeze kitu watu wengi hawajui: kati ya vile viatu viwili vya breki kuna kimoja ambacho dramu ikizunguka inakivuta yenyewe kijibane zaidi, yaani dramu inajisaidia. Diski haina huo msaada, inabana tu vile umekanyaga, ndio maana inahitaji mafuta ya breki na pistoni kubwa kuzidisha nguvu ya mguu.

Sasa uzito. Umewahi kusimama ndani ya basi dereva akapiga breki ghafla? Watu wote wanaenda mbele. Pikipiki ni hivyo hivyo, ukipiga breki uzito unahama kutoka gurudumu la nyuma kuenda la mbele. Tuseme Boxer na wewe mnafanya kilo 200, mkiwa mmetulia nyuma kuna kama 100 na mbele 100. Ukipiga breki ya nguvu ya kawaida, nyuma inabaki na kitu kama 55 na mbele inaenda 145. Kilo 55 ndio tairi ya nyuma inatumia kushika barabara, ni kidogo sana. Lakini weka kastoma wa kilo 75. Yeye amekaa karibu juu ya gurudumu la nyuma, kwa hivyo nyuma inaanza na kama 175, na ukipiga breki bado inabaki na 100 na kitu. Hizi ni hesabu za makadirio, urefu wa mtu na mzigo unabadilisha, lakini picha ndio hiyo: kwa mtu wa boda breki ya nyuma iko na kazi ya ukweli, karibu mara mbili ya mtu anayeendesha peke yake. Hapo uko sawa kuijali.

Na hapo hapo ndio kuna hatari yake. Breki ya nyuma ikiwa kali sana, imetegwa kwa ajili ya wewe na kastoma na gunia, siku utakuwa unarudi steji peke yako saa tatu usiku, lami imelowa, utaikanyaga vile umezoea na nyuma itateleza kando kabla hujajua ni nini. Kwa hivyo mtu akikuuzia "breki kali" muulize kali kwa uzito gani.

Breki ya mbele. Nataka nikae hapa kidogo, juu naona vijana wengi kwa steji wamefundishwa na aliyewafundisha kwamba mkono wa kulia ni wa kaburi. Kinachokurusha ni gurudumu la mbele kugoma, na linagoma kwa sababu mbili tatu: umeshika kwa pupa kabla uzito haujafika mbele, umeshika ukiwa umelala kwa kona, au umeshika juu ya mchanga, matope, oili au ile rangi nyeupe ya barabara ikiwa imelowa. Ukiwa wima, lami ni nzuri, vidole viwili, unafinya kidogo kwanza, unasikia shokamzoba za mbele zinaenda chini, sasa uzito umefika, ndio unafinya zaidi. Ni kama kufinya ndimu, huipigi ngumi. Fanya zoezi hilo uwanjani ukianzia spidi 20, alafu 30, siku kadhaa, mpaka mkono ujue wenyewe.

Na nikuonyeshe kwa nini nasisitiza. Spidi 50, lami kavu. Ukitumia ya nyuma peke yake ukiwa solo, unasimama kwa kama mita 28 kutoka pale breki imeanza kushika. Ukitumia zote mbili vizuri, kama mita 14. Tofauti ya mita 14 ni urefu wa nissan tatu za abiria 14 zimepangana mkia kwa pua. Hakuna diski ya nyuma duniani itakupa hizo mita, lakini leva iko hapo kwa mkono wako tayari na haina bei.

Haya, sasa tufungue dramu yako. Umesema unakaza nati kila wiki. Ile nati ya nyuma ya fimbo ya breki kazi yake ni kurudisha nafasi inayoliwa viatu vikiisha. Ukiendelea kukaza, ule mkono mdogo pale kwa dramu, ule unavutwa na fimbo, unazidi kuinama mbele. Ukikanyaga breki, mkono na fimbo zinafaa zitengeneze pembe kama ya kona ya meza, ama kabla kidogo ya hapo. Ukipita hapo nguvu ya mguu wako inapotea, unavuta chuma lakini hukizungushi, na kule ndani ile kamu inayotanua viatu inaanza kusimama wima karibu kujipindua. Ikijipindua gurudumu linagoma na haliachilii. Pikipiki nyingi ziko na alama hapo nje, mshale mdogo na mstari. Mshale ukifika mwisho wa mstari ukiwa umekanyaga, hakuna kukaza tena, viatu vimeisha. Na usiruhusu mtu kuhamisha ule mkono meno moja nyuma ndio "breki irudi", hiyo ni kuficha kipimo.

Hilo la sponji ukishuka ni joto. Dramu ikipata moto inatanuka, na ikitanuka inaenda mbali na viatu, kwa hivyo pedali lazima isafiri zaidi kuvifikisha. Alafu viatu vyenyewe vikipita joto lao vinateleza. Hapo ndio diski inaishinda dramu kwa haki, iko nje inapigwa na upepo, na ikitanuka inatanuka kuelekea kwa padi, zile zinazoibana. Lakini ukishuka gia ya tatu ama ya pili, injini ikishikilia, dramu haipati hiyo moto. Naona wengi wanashuka na klachi imeshikwa ama wameweka nyutro kuokoa mafuta. Mafuta ya shilingi ngapi? Toa hiyo tabia leo.

Kwa mvua, maji yanaingia dramu na hayana haraka ya kutoka. Ukipita dimbwi, tembea polepole ukigusa breki kidogo kidogo mpaka usikie inarudi kushika.

Ukitoa gurudumu, angalia viatu kwa mwanga wa jua. Wiki iliyopita nilifungua moja hapa, mwenyewe alikuwa anasema tu kama wewe. Viatu vilikuwa bado vinene, mtu angesema ni vipya, lakini uso wake ulikuwa unang'aa kama kiatu cha mwanafunzi siku ya kwanza ya shule, ukipitisha kidole kinateleza. Na vilikuwa vinagusa dramu kwa ncha tu, sehemu kama ya vidole viwili, kwingine kote vumbi la kahawia halijaguswa. Hivyo viatu vilikuwa vya bei ya chini kabisa na mviringo wake haukulingana na dramu. Tulipiga msasa uso mpaka ule mng'ao ukaisha, tukapaka chaki dramu ndani, tukarudisha, tukazungusha tukigusa breki, tukatoa tena: pale chaki imehamia kwa kiatu ndio panagusa, hapo ndio unasugua kidogo, unarudia. Mara ya nne vilikuwa vinagusa zaidi ya nusu. Kazi ya saa moja na nusu. Akatoka, akarudi jioni akaniambia pedali imekuwa ingine.

Hiyo hiyo ndio nataka ufanyiwe wewe kwanza. Viatu vya kiwango kizuri, vya kampuni ya pikipiki yako kama unavipata, springi mpya za ndani, kamu itolewe isafishwe kutu ipakwe grisi kidogo sana, ile ya kustahimili joto, nikisema kidogo namaanisha isionekane, maana grisi ikifika kwa viatu vimekwisha, havioshwi vikapona. Kama viatu vyako vimelowa oili ama grisi, tafuta imetoka wapi, mara nyingi ni beringi ilijazwa kupita kiasi. Dramu ndani ipitishwe kidole: kama ina mifereji ama pedali inakupiga mguu juu chini ukibreki, imeenda yai, ipelekwe kwa fundi wa leth, ile mashine ya kukwangua chuma, ikwanguliwe kidogo. Lakini kuna namba imepigwa hapo ndani ama kando, imeandikwa MAX, hicho ndicho kipenyo cha mwisho. Ukipita hapo habu, yaani kitovu cha gurudumu chenye hiyo dramu, ni ya kutupa. Na lile vumbi la breki msipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, panguseni kwa kitambaa chenye maji, viatu vingine vya zamani na vya bei ya chini vina asbesto na hiyo vumbi inakaa kwa mapafu maisha yote.

Kabla hujafunga angalia kitu kimoja zaidi, kile chuma kirefu kinachotoka kwa sahani ya breki (kile kifuniko kinachobeba viatu) kuenda kushikwa kwa swingamu. Watu wanakisahau. Ukibreki, sahani inataka kuzunguka pamoja na gurudumu, hicho chuma ndicho kinaikataza. Nati yake inafaa iwe na pini ya kufungia. Pini ikikosa nati inatoka siku moja, sahani inajizungusha, fimbo inajikunja, na gurudumu linagoma ukiwa barabarani. Pini yenyewe ni kitu cha shilingi kidogo sana.

Ukimaliza, pedali icheze kama sentimita 2 hadi 3 bila kushika, gurudumu lizunguke bure, na kilomita za kwanza 100 hivi breki polepole bila kushtua ndio viatu vikae.

Sasa tuje kwa hiyo Pulsar yako, maana sitaki uone naikataa bila sababu. Diski ni kitu kizuri. Inakauka haraka kwa mvua, haisumbuliwi na joto sana, inajirekebisha yenyewe padi zikiisha, na unaisikia vizuri kwa mguu. Ubaya wake kwa kazi yetu ni kwamba matope ya barabara za ndani yanasaga padi, na mafuta yake ya breki lazima yabadilishwe kila miaka miwili, na siku hosi ya hayo mafuta imetoboka huko mbali fundi wa kando ya barabara hana la kufanya, wakati dramu mtu anairekebisha na spana moja. Hayo yote unaweza kuishi nayo. Kinachonisumbua ni vile inataka kuwekwa.

Kishikio cha kuchomelea. Chukua ile hesabu ya juu, wewe na kastoma, nyuma imebaki na kilo 105 hivi wakati wa breki, lami kavu tairi inashika kwa kama asilimia 70 ya hiyo, yaani kilo 73 zinavuta pale tairi inagusa barabara. Kutoka katikati ya gurudumu mpaka barabara ni kama sentimita 29. Lakini kalipa inashika diski kwa sentimita 10 tu kutoka katikati, juu diski ya Pulsar 220 nyuma ni milimita 230. Kwa sababu iko karibu hivyo na katikati, kalipa lazima ishikilie nguvu karibu mara tatu, zaidi ya kilo 200. Hiyo ni mifuko minne ya simiti ya kilo 50 inaning'inizwa kwa kishikio chako kila ukikanyaga, alafu inaachiliwa, alafu inaning'inizwa tena, mara mia ngapi kwa siku kutoka Kangemi mpaka Westlands? Chuma hakivunjiki siku ya kwanza. Kinachoka.

Niliwahi kuletewa moja imefanywa hivyo. Mwenyewe hakuja kwa sababu ya breki, alikuja kubadilisha cheni. Nikiwa nimepiga magoti hapo nikaona mstari wa kutu, mwembamba kama unywele, unaanzia pale weldi imeishia na kutambaa kwa swingamu yenyewe, kama sentimita 3. Nilipobonyeza kalipa na bisibisi ule mstari ukafunguka na kufunga kama mdomo. Weldi yenyewe ilikuwa nzima na nzuri kwa macho. Kilichopasuka ni chuma cha kando yake, kwa sababu moto wa kuweldi unakidhoofisha chuma chembamba cha swingamu hapo pembeni. Na swingamu ya Boxer haikutengenezwa kuvutwa upande huo mahali hapo. Ikikatika ukiwa kwa spidi, kalipa inazunguka inaingia kwa spoku ama rimu, na hilo sina haja ya kukuelezea. Siandiki hivi kumharibia jina fundi wako, inawezekana anaweldi milango vizuri kuliko mtu yeyote Kangemi. Hii si mlango.

Masta silinda "yoyote". Nguvu ya breki ya mafuta inatokana na tofauti ya pistoni ndogo ya masta na pistoni kubwa ya kalipa. Tuseme kalipa ina pistoni moja ya milimita 32. Ukiweka masta ya 14, nguvu inazidishwa kama mara 5.2. Ukiweka ya 11, inakuwa mara 8.5, pedali inakuwa laini, inasafiri mbali, na ukigusa tu peke yako gurudumu linagoma. Ukiweka ya 16 inashuka mara 4, pedali ngumu kama jiwe, unakanyaga na kastoma nyuma na haisimami, yaani umerudi pale ulianzia ukiwa na deni. Masta zote tatu ukiziona mezani Grogan zinafanana na muuzaji atakuambia ni ile ile. Hiyo kalipa ilichaguliwa kiwandani pamoja na masta yake na pedali yake, ukinunua moja bila zingine umenunua nusu ya breki. Jambo lingine, India kuanzia Aprili 2019 pikipiki mpya za mpaka cc 125 zilianza kuja na mfumo wa kuunganisha breki, ukikanyaga nyuma na mbele inavutwa kidogo. Ukiokota pedali ama masta ya pikipiki kama hiyo bila kujua, unakuta kuna waya ama paipu ya ziada inaning'inia na mtu anaiziba.

Gurudumu lenyewe sasa. Tairi ya Boxer nyuma ni 3.00-17, upana kama milimita 76. Ya Pulsar 220 ni 120/80-17, upana milimita 120. Sentimita 4 zaidi ndani ya swingamu ile ile, hapo tairi inakaribia cheni upande mmoja na chuma upande wa pili. Akseli pima na kalipa ya kupimia, usiamini macho, na usikubali bushi ya kukatwa kwa paipu ya maji. Sproketi ya nyuma lazima iwe mstari mmoja na ya mbele, weka ubao ulionyooka ama uzi uone, ikiwa kando ata milimita 3 cheni itakula meno na siku moja itatoka. Na hiyo pikipiki ilianguka. Zungusha hilo gurudumu kwa akseli yake ukiwa umeshikilia waya karibu na diski: diski ikija ikienda, imepinda. Angalia unene wake dhidi ya namba ya MIN iliyopigwa juu yake, angalia rimu kando ya kila mkono kama kuna ufa. Sijasahau swichi ya taa ya breki pia, watu wanaweka diski alafu taa ya nyuma haiwaki tena na matatu inakuja nyuma yako.

Kwa hivyo njia ziko ngapi? Kwa maoni yangu, ya kwanza ni kutibu dramu vile nimesema na kufundisha mkono wako breki ya mbele. Ukimaliza hapo, viatu vya mbele navyo, waya wa breki ya mbele upakwe mafuta ama ubadilishwe kama unakwaruza, na tairi nzuri ya nyuma, hiyo 3.00-17 mpya yenye meno itakupa breki kushinda diski juu ya tairi kipara. Hii yote uko ndani ya ile 6,000 iliyobaki ama karibu na hapo, na pikipiki haijalala siku mbili. Hii ndio ningemfanyia ndugu yangu wa tumbo moja.

Njia ya pili, kama moyo wako uko kwa diski kabisa, ni seti nzima kutoka pikipiki moja: swingamu yenye kishikio chake cha kiwandani, gurudumu, akseli na spesa zake, kalipa, hosi, masta, pedali, na kikombe cha mafuta. Hapo hauchomelei popote panaposhika breki, kazi inabaki ni kuoanisha swingamu na fremu pale kwa shafti, bushi zikatwe kwa leth kwa kipimo, cheni inyooshwe, shokamzoba zikae wima. Inawezekana, nimeona ikifanywa vizuri, lakini ni kazi ya mtu mwenye mashine na vipimo, na ukijumlisha utakuta umekaribia tofauti ya bei ya kuuza Boxer yako na kuchukua pikipiki ambayo imekuja na diski, na ukifika hapo kama ni kuchagua, chagua yenye diski mbele kabla ya yenye diski nyuma. Mafuta ya breki utakayoweka yawe yale imeandikwa kwa kifuniko cha kikombe, mara nyingi DOT 4, kutoka chupa ambayo haikuwa wazi. Yanafyonza maji kutoka hewani, mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230, yakishafyonza maji kipimo kinashuka mpaka 155, na yakichemka pedali inaenda chini bila kitu. Usiweke oili ya injini kamwe, raba za ndani zinavimba, zinaziba kitundu cha kurudisha mafuta, breki inabaki imeshika yenyewe mpaka diski inabadilika rangi. Uongee pia na wakala wako wa bima kabla, umwambie kwa maandishi unabadilisha breki, maana siku ya ajali na kastoma nyuma hilo ndilo watatafuta.

Njia ya tatu, ile ya fundi wako, nimeshasema.

Kuna mambo ukiyaona usingoje jibu la mtu mtandaoni, simamisha kazi usukume pikipiki mpaka kwa fundi. Pedali ikienda chini na isirudi. Gurudumu la nyuma likiwa la moto kushika na hukuwa umebreki. Sauti ya chuma kwa chuma. Pedali ikikupiga mguu. Ule mshale umefika mwisho. Kile chuma cha kushika sahani kikiwa kinacheza, ama kikikosa pini. Na tafuta fundi mwenye leth, hapo Kariobangi Light Industries wapo wengi, umwambie "nipimie dramu uniambie imefika ngapi na MAX ni ngapi". Akitaja namba mbili, kaa naye. Akikuambia iko tu sawa bila kupima, asante na uende kwa mwingine.

Ile 2,000 sasa. Rudi kwa huyo jamaa kabla ya Jumamosi, umwambie ukweli kwamba gurudumu haliingii kwa Boxer bila swingamu na masta yake. Kama pikipiki yote iko hapo imeanguka, huenda ako na shokamzoba za nyuma, stendi, vioo, taa ama betri nzima ambazo unaweza kupimia na kuchukua za thamani hiyo. Akikataa kabisa kurudisha ama kubadilisha, uchungu wa 2,000 utauhisi mwezi huu tu. Alafu Jumatatu ukitoa gurudumu nipigie picha ya viatu vikiwa kwa jua, na ya ule mkono ukiwa umekanyaga breki, ndio nikuambie kama ni msasa ama ni vya kutupa.